Wanafunzi wanakariri maneno ya Kiingereza, wiki mbili baadaye yameyeyuka. Tufanyeje?

Mwalimu_Kidato2
Habari zenu wakuu. Utaratibu wa darasa ni huu: kila Jumatatu maneno 20 mapya pamoja na maana zake kwa Kiswahili, Ijumaa jaribio. Jaribio wanafaulu. Ukiwauliza maneno yale yale baada ya wiki mbili, wengi wamebaki na matano au sita, na hata hayo hayaonekani kwenye insha. Tatizo ni idadi, ni njia, au ni maneno yenyewe?

KadiMkononi
Mwalimu, kukariri si kosa. Kosa ni ratiba. Jaribio linaloishia Ijumaa linampa mwanafunzi ruhusa ya kusahau Jumamosi. Tangu 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa saa na siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo marudio ya kwanza yawe karibu karibu, yanayofuata yaachane.

Njia rahisi ni ya Sebastian Leitner, ya mwaka 1972: kadi na sanduku lenye vyumba vitano. Chumba cha kwanza kinapitiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano kila mwezi. Nafasi hizo unaweza kuzirekebisha. Kadi ikijibiwa sawa inasogea mbele, ikikosewa inarudi chumba cha kwanza hata kama ilishafika cha nne.

Mbele ya kadi usiandike neno la Kiingereza peke yake. Andika sentensi yenye pengo na herufi ya kwanza: "She b____ my pen and never returned it." Nyuma weka neno, maana na silabi yenye mkazo. Anayeona neno na kutaja maana anajifunza kulitambua tu. Kwenye insha anatakiwa kulitoa kichwani, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Na asigeuze kadi kabla hajajaribu. Ule ugumu wa kulitafuta neno ndio unaolikaza.

Idadi: punguza ziwe 10. Jaribio libaki na maswali 20, ila 10 ya wiki hii, 6 ya wiki iliyopita, 4 ya mwezi uliopita.

Msomaji Makini
Naunga mkono, lakini hata sanduku zuri halisaidii likijazwa maneno yasiyo na kazi. Mwanafunzi ambaye "although" na "instead" bado zinamsumbua hana haja ya "magnanimous". Aanze na maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi. Orodha ya Michael West ya 1953 ilijengwa kwa wazo hilo, na zipo mpya zaidi. Akishayamudu, aende kwenye orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead, ya mwaka 2000: koo 570 za maneno (ukoo ni neno pamoja na yanayotokana nalo) kama "analyse", "assume" na "benefit", ambazo hujitokeza katika masomo yote, kuanzia historia hadi biolojia.

Bi_Sarufi
Mimi nina ugomvi na ile safu ya maana kwa Kiswahili. Neno moja letu mara nyingi linabeba mawili matatu ya Kiingereza. "Kuazima" ni "borrow" na pia "lend". "Kushinda" ni "win" na "beat", ndiyo maana wanaandika "we won them". "Kusikia" tunakutumia kwa sauti, njaa, baridi na harufu. Kiingereza kinataka "hear", "feel" na "smell". "Mkono" ni "hand" na "arm".

Kwa hiyo wape kifungu badala ya neno: "borrow a book from", "lend a book to", "win a match", "beat a team". Hapo hapo wanapata na maneno yanayoandamana. Sisi "tunafanya" kosa na "tunafanya" zoezi, Kiingereza ni "make a mistake" lakini "do an exercise". Mvua kubwa ni "heavy rain", si "big rain".

Jambo moja linalosahaulika sana: msifundishe "borrow" na "lend" siku moja. Maneno pacha yakiingia pamoja yanachanganyikana, na mwanafunzi atabaki anakumbuka kwamba ni moja kati ya mawili. Fundisha moja, liache likomae wiki mbili, kisha lete la pili.

Mwalimu_Kidato2
Nashukuru sana, hasa hili la pacha, maana huwa nayaweka pamoja kwa makusudi. Vipi kuhusu viambishi, na kusoma hadithi?

KadiMkononi
Viambishi vifundishe kwa maneno wanayoyajua tayari. "In-" inageuka "im-" mbele ya p, b na m, "il-" mbele ya l, "ir-" mbele ya r: "impossible", "illegal", "irregular". Waonye mapema kwamba "invaluable" maana yake ni yenye thamani kubwa mno, na "inflammable" ni kinachowaka moto kirahisi. Kuhusu koo, wazo hilo wanalo tayari: lima, mkulima, kilimo. Basi iwe "decide", "decision", "decisive" kwenye kadi moja.

Angalia pia mkazo. Kiswahili huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, na bahati nzuri "education" na wenzake wa "-tion" hufuata hivyo. "Photographer" haifuati, mkazo uko kwenye "-tog-".

Msomaji Makini
Hadithi: mwanafunzi ahesabu maneno 100 ya ukurasa wowote. Asiyoyajua yakizidi 5, kitabu hicho bado. Yakiwa 2 au pungufu, atasoma kwa raha bila kamusi. Yale mageni apigie mstari, na aandikie kadi yale tu yaliyojirudia.