Naomba ushauri: stadi (bolti isiyo na kichwa) imekatika nikifunga ngazi za pembeni kwenye pikapu

Habari zenu wakuu. Jumamosi nilikuwa nafunga ngazi za pembeni, zile za kukanyagia, kwenye Hilux yangu. Upande wa dereva ulikwenda vizuri. Upande wa abiria, stadi ya katikati ilikuwa na kutu; nati ikapanda nusu ikang'ang'ania. Badala ya kuirudisha nisafishe uzi, nikachomeka bomba kwenye spana namba 13 kuongeza nguvu. Kosa langu. Ikalia "tak!", nati ikadondoka na kipande cha stadi ndani yake.

Kimebaki kisiki cha kama milimita 4. Stadi ilichomelewa kwenye bodi chini ya mlango, nyuma yake ni uwazi na mkono haufiki.

Fundi wa kwanza anataka kuchomelea bolti mpya juu ya kisiki. Nasita, bati ni jembamba na moto utaunguza rangi ya ndani nisikoweza kupaka tena. Kutu itaanzia huko huko. Wa pili anasema tusage kisiki, tutoboe, tuweke nati ya riveti ya M8 (ya bolti ya milimita 8), ile inayovimba nyuma ya bati. Hii imenivutia, ila je, itahimili mtu wa kilo 90 akikanyaga kila siku, au itaanza kuzunguka ndani ya tundu?

Aliyewahi kufanya, alitumia ya chuma au ya aluminiamu? Na tundu alilipaka nini kwanza? Ngazi iko sebuleni, mama watoto ameshaanza kuuliza.