Kwaresima nyumbani Unguja: watoto wanasema mfungo wetu ni wa mzaha

MamaWatatu
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Naomba ushauri.

Tunakaa Mwanakwerekwe, nyumba ya kupanga, na uani tunachangia na familia mbili za Kiislamu. Mimi Mkatoliki, nasali Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu. Mume wangu Mwanglikana wa Mkunazini, ila kazi yake ya hoteli iko shamba, nje ya mji, nyumbani yupo siku zake za mapumziko tu. Watoto wana miaka 15, 11 na 7.

Mwaka huu wa 2026 Kwaresima na Ramadhani zimeanza wiki moja. Tumepakwa majivu tarehe 18 Februari, kesho yake mji mzima uko kwenye saumu. Ijumaa yule wa kati akaniuliza, "Mama, wenzetu hawanywi hata maji. Sisi tunakula changu wa nazi halafu tunasema tumefunga?" Nilikosa jibu. Wakatoliki Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama, lakini huku kwetu samaki ndiyo kitoweo cha kila siku, ukimnyima mtu nyama hajui hata kama kanyimwa.

Jioni jirani kaleta futari kama kawaida yake: shurba ya nyama na sambusa. Mkubwa akasema sheria ya nyama ni ya Wakatoliki kama mama, yeye leo ni Mwanglikana kama baba. Na akala.

Nataka Kwaresima hii iwe yetu sote watano, si ya kila mtu na lake. Mwenye uzoefu anisaidie.

Katekista_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Kwanza sheria, maana naona kijana wako ni mwanasheria. Kwa Wakatoliki kuacha nyama kunaanza mtu akitimiza miaka 14. Kufunga, yaani mlo kamili mmoja na viwili vidogo visivyofikia mlo, ni kuanzia 18 hadi 59, na siku zake ni mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kwa hiyo kama mkubwa wako kabatizwa Katoliki, nyama ile hakutakiwa kuila. Hao wadogo hawafungwi na lolote, wasiviziwe jikoni. Lakini wafundishwe maana yake.

Pweza_wa_Nazi
Katekista kasema sheria, mie nasema sufuria. Dada, samaki wa Ijumaa kwetu si mfungo, mtoto wako kasema kweli kabisa. Sisi nyumbani Ijumaa za Kwaresima ni muhogo wa kuchemsha na chai kavu, basi. Pesa ya samaki, na mwezi huu unaijua bei yake pale Darajani, inaingia kwenye kopo la maziwa mbele ya watoto. Wao ndio wanaoamua iende kwa nani. Mwaka jana walimchagua bibi mmoja wa mtaani asiye na mtu, Muislamu, tukampelekea mchele na sukari kabla ya sikukuu. Isaya sura ya 58 inazungumzia mfungo wa namna hiyo hiyo. Wasomee, ni fupi.

Simba_wa_Imani
Mnawadekeza. Waamsheni daku na wao, wafunge mpaka magharibi. Tutashindwaje na majirani?

Katekista_Mstaafu
Ndugu yangu, kumbe ni mashindano? Mathayo sura ya 6 tumekatazwa kufunga ili tuonekane. Mtoto wa miaka 7 akishinda na njaa ili mama asiaibike uani, hapo kafunga nani?

JiraniMwema
Asalaam alaykum. Mie Muislamu, napita tu, lakini la futari naomba niliseme. Bibie, usiirudishe na usiile kwa kujilazimisha. Mwambie jirani wazi kwamba Ijumaa hamli nyama mpaka Pasaka. Hatakasirika hata kidogo, atafurahi kujua na nyinyi mna mfungo wenu. Mie jirani yangu aliponambia, Ijumaa nampelekea majimbi ya nazi na kaimati, na yeye akipika chake ananiletea magharibi. Wengi wetu tunadhani Kwaresima ni ya mapadri.

Mwalimu_Chake
Huku Pemba Wakristo tu wachache, kwa hiyo ibada nyingi tunafanya nyumbani. Njia ya Msalaba, ile sala ya kufuata mateso ya Yesu, ina vituo 14, ukitaka kuimaliza usiku mmoja na mtoto wa miaka 7, kituo cha sita keshalala. Sisi tunafanya kimoja kila jioni. Mtoto mmoja anashika msalaba, mmoja anasoma, mwingine anaombea mtu anayemtaja mwenyewe. Baba akiwa kazini mpigie simu, mpeni Zaburi ya 51 aisome yeye. Hiyo Anglikana na Katoliki wote wanaisoma, hapatakuwa na kesi.

Jumapili pumzikeni. Tangu Majivu mpaka Pasaka ni siku 46, ukitoa Jumapili sita zinabaki 40. Wangu wameishika hesabu hiyo kuliko ya skuli, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya kashata.

MamaWatatu
Ahsanteni sana. Muhogo na kopo nimechukua, na jirani nimeshaongea naye. Kacheka, kasema alikuwa anatuona tunakula samaki akadhani hatuna pesa ya nyama. Simu ya baba tumeanza jana, anasoma akiwa nyuma ya jiko la hoteli, vyombo vinagongana lakini anasikika.

Limebaki moja. Idi inaweza kuangukia Ijumaa tarehe 20 Machi, Pasaka ni 5 Aprili. Uani patapikwa biriani, na watoto wameshaalikwa viwanja vya sikukuu Mnazi Mmoja.

Pweza_wa_Nazi
Mnazi Mmoja waende, dada! Bembea haina nyama.

Katekista_Mstaafu
Waende. Mtakatifu Yosefu, somo wa kanisa lenu, ni tarehe 19, Alhamisi. Ingekuwa Ijumaa, sherehe yake ingeondoa katazo la nyama. Kwa biriani muulize paroko mapema, ana mamlaka ya kutoa ruhusa palipo na sababu ya haki. Akikataa, jirani awawekee sahani ya Jumamosi.

MamaWatatu
Nitamuuliza Jumapili baada ya misa. Mkubwa kasema hana haja ya paroko, yeye anaomba tu mwezi usiandame.

JiraniMwema
Mwambie asituombee hivyo, sisi tunataka kula!