Mrejesho: Jinjo wanne waliorudi sifuri

Wakuu, niliuliza kwa nini Jinjo wanne (vile viumbe vidogo vya rangi vya kukusanya) niliowapata kwenye gemu ya Banjo-Kazooie walirudi sifuri. Mlisema kweli: kwenye katriji ya Nintendo 64 (1998), ukifa au ukitoka kwenye ulimwengu kabla ya kumgusa wa tano, hesabu inafutwa. Ukiwakusanya wote watano wa ulimwengu huo (buluu, kijani, waridi, njano, chungwa), unapewa Jiggy (kipande cha fumbo, ndiyo zawadi kuu ya gemu), na hiyo haipotei tena.

Kwa hiyo hatari kwanza, Jinjo baadaye. Kwenye ulimwengu wa Rusty Bucket Bay anzia chumba cha injini: ukiteleza pale ni kifo, basi afadhali uteleze ukiwa mikono mitupu.

Wenye Xbox 360 hapa Nairobi hawalijui tatizo hili. Toleo lao la 2008 linahifadhi kila Jinjo.

Aliyegusia Banjo-Tooie, gemu iliyofuata, asante. Kule Jinjo wanahesabiwa kwa familia za rangi: mweupe mmoja tu, weusi tisa, na familia zote pamoja jumla 45. Na si kila Jinjo ni Jinjo: Minjo anafanana naye kabisa, ukimkaribia anakurukia. Mayai ya kumpiga nayo yawe tayari.