Nyumba ya sanaa mtaani Dodoma: jirani aingieje, na msanii afanyeje kazi?

Msimamizi wa ua, Chang'ombe

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu cha wachoraji, wachongaji na wapiga zeze kimepanga nyumba yenye ua mpana hapa Chang'ombe, jijini Dodoma. Wageni wanaoletwa na marafiki huingia bila shida, lakini jirani apitaye kila siku kwenda sokoni Majengo husimama langoni, huchungulia, huuliza kama hii ni ofisi, kisha huenda zake. Siku zile chache ambazo watu walijaa, wachoraji walilalamika kwamba watoto walishika turubai zenye rangi mbichi na watu wazima walipiga picha kazi ambazo hazijakamilika. Baadhi yetu wanapendekeza kiingilio kidogo ili kupunguza vurugu. Je, hilo litasaidia, au litamfukuza hata yule mmoja aliyekuwa anakaribia kuingia?

Mwalimu wa sanaa, Kikuyu

Kiingilio kitawafukuza watu, tena wale hasa mnaowatafuta. Mtu wa kawaida haogopi sanaa, anaogopa kuulizwa "unamtafuta nani?" akiwa hana jibu. Kwa hiyo mpeni jibu kabla hajaulizwa, yaani shughuli inayomruhusu kuvuka lango: fundi wa kurekebisha viatu kivulini, mama wa chai na maandazi, au darasa la kuchora kwa watoto siku ya Jumamosi, ambapo mzazi hulazimika kumsubiri mwanawe na macho yake yakapata muda wa kutembea ukutani.

Tazameni Kolo, huko Kondoa. Michoro ya miambani ya eneo hilo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006 na watalii huifuata kutoka mbali, lakini wenyeji walikuwa wakipanda Mongomi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro, kwa tambiko la mvua na uponyaji kabla ya orodha hiyo, na hawajaacha. Wanafika pale kwa sababu wana haja yao, wala si kwa kuwa mtu aliwaalika watazame michoro.

Mchoraji, Makole

Ninakubaliana na mwalimu kuhusu kiingilio, ila ninaona amemsahau msanii. Ukumbi ukiwa na chai, watoto na fundi viatu tangu asubuhi, nani atamaliza picha? Edward Tingatinga na wenzake, mwishoni mwa miaka ya 1960, walichora na kuuza mbele ya macho ya wapita njia kule Dar es Salaam, na mtindo wao ukakua hivyo hivyo. Lakini ule ulikuwa uchaguzi wao, na si kila mkono unafanya kazi vizuri ukitazamwa. Pale Nafasi Art Space, kituo cha sanaa huko huko Dar es Salaam, Mikocheni, karakana ni makontena yenye milango yake, na ukumbi wa maonyesho uko kando. Nanyi tengeni vyumba vya nyuma viwe vya kazi, na asubuhi zote viwe vimefungwa kwa wageni. Msanii anayependa kutazamwa atoke mwenyewe akae uani.

Jambo la pili ni bei. Andikeni bei chini ya kila kazi, hata kama ni kubwa, kwa maana mgeni asiyeiona hudhani kwamba atatajiwa kwa kuangaliwa sura. Wekeni pia kazi ndogo ambazo mtumishi wa umma aliyehamia huku na nyumba yenye kuta tupu anaweza kuzilipia siku hiyo hiyo. Na wakati wa kiangazi, tafadhali, msitundike turubai uani. Upepo wa Dodoma na vumbi lake mnavijua.

Mama wa muheme, Chamwino

Wanangu, nimewasoma. Sisi tunaopiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, huitwa panapokuja mgeni mkubwa, tukasimama juani, tukapiga, kisha tukarudishwa kwenye gari. Mkitaka wanawake wa mtaani waingie kwenu, wapeni ua huo alasiri moja kila wiki wafanye mazoezi yao, bila jukwaa na bila kamera. Ngoma ikilia, jirani hahitaji bango. Hakikisheni kuna choo kisafi, maji na mabenchi yenye kivuli, kwa kuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni huangalia hivyo kwanza. Siku mtakapowaita kutumbuiza wageni wenu, malipo yajulikane kabla.

Msimamizi wa ua, Chang'ombe

Shikamoo mama, nanyi wote nawashukuru. Kiingilio tumekiondoa katika mjadala. Tutaanza na mabenchi chini ya mwarobaini, asubuhi za kazi zilizofungwa, na alasiri ya Alhamisi kwa akina mama wa ngoma. Limebaki suala la picha: je, inatosha kuweka alama kwenye kazi zisizoruhusiwa kupigwa, au kila mgeni aombe idhini kwa msanii mwenyewe?

Mchoraji, Makole

Wekeni alama kwenye zile zinazoruhusiwa. Zilizobaki, aombe.