Naomba ushauri: bibi anatumia warfarini na habasoda

Hamjambo ndugu wauguzi. Niko kliniki hapa Mombasa. Nina bibi wa Likoni anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya damu iliyoganda mguuni. INR yake, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, imepita 3 ilhali dozi haijabadilika. Bintiye ameninong'oneza kuwa kila asubuhi hunywa habasoda na kutafuna kitunguu saumu kibichi, nacho kikizidi huweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu.

Nilimuuliza bibi kwa upole, akakana. Naona anaogopa kufokewa. Aliwahi kukaripiwa mbele ya wagonjwa wenzake, jambo linaloniuma sana. Sitaki kuidharau dawa yake wala kumchongea bintiye.

Nianzeje tena mazungumzo haya? Na dawa za asili mnaziandika kwenye faili, au mnamwambia daktari kwa mdomo tu?