Rivolva ndogo ya kubeba ndani ya nguo: Ruger LCR au Smith & Wesson 642?

Mnunuzi_Kibaigwa: Wakuu, wiki hii naamua. Zote zinatumia risasi za ukubwa wa .38 Special, zinabeba tano. Nichukue ipi?

Nkuhungu: Mkuu, hujasema lolote. Leseni unayo? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina mzaha. Utabeba mfukoni au kiunoni? Kiganja chako kikubwa au kidogo?

FundiChuma: LCR. Triga yake ni laini tangu kiwandani; ya 642 ni nzito, na ukiivuta kwa nguvu mtutu unayumba kabla risasi haijatoka. Zote mbili nyundo imefichwa, kwa hiyo haitanasa kwenye nguo.

Mpwapwa_B: Achana na hizo nyepesi za gramu 400. Chukua SP101, rivolva nyingine ya Ruger, ya chuma kitupu, gramu 700 na ushee. Nyepesi inapiga kiganja hadi mtu anaacha mazoezi. Na kuna baya zaidi. Ukifyatua, bastola inaruka nyuma ghafla, maganda ya risasi zilizobaki yanarudi nayo, vichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) vinabaki vilipo. Kichwa ambacho hakikubanwa sawasawa kinachomoza mbele ya silinda (pipa linalozunguka lenye risasi) na kugusa fremu. Silinda inagoma kuzunguka, na hata kuifungua ni kazi. Pima hivi: pakia tano, piga nne, toa ya tano, ilinganishe urefu na risasi mpya kwa kalipa (kifaa cha kupimia). Imerefuka? Badilisha aina ya risasi.

Nkuhungu: Hayo hutokea zaidi kwa .357 Magnum, risasi yenye nguvu kubwa kuliko .38, kwenye fremu nyepesi. Kwa .38 ya kawaida ni nadra. Hapa Dodoma adui ni vumbi, pamoja na baruti isiyoungua. Ukitoa maganda, elekeza mtutu juu, gonga kifimbo cha kutolea maganda, kile kilicho mbele ya silinda, mara moja kwa nguvu. Ukiuelekeza chini, chembe zinaingia chini ya nyota (kibati kinachosukuma maganda nje) na silinda haifungi tena. Safisha hapo kwa mswaki mkavu. Oili iwe kidogo mno: ikizidi inashika vumbi, na ikipenya kwenye fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi) risasi inaweza isilipuke.

Hombolo2: Mnasahau ala, yaani kifuko cha bastola. Mfukoni bila ala ni hatari. Ifunike triga yote, ibaki mfukoni unapochomoa, na mfuko huo usiwe na funguo wala sarafu.

Mnunuzi_Kibaigwa: Leseni ipo. Mfukoni, suruali ya kitambaa.

FundiChuma: Basi SP101 itavuta suruali, kila mtu ataona.

Mpwapwa_B: Avae kiunoni, mkanda mgumu.

Nkuhungu: Kiganja hajajibu! Kikiwa kikubwa, mpini mfupi unakiacha kidole cha mwisho hewani; kikiwa kidogo, hakikisha triga haifikiwi kwa ncha ya kidole tu.

Mpwapwa_B: Akichukua 642, akague kifimbo cha kutolea maganda kila baada ya mazoezi. Kikilegea kinarefuka mbele na silinda haifunguki. Nyuzi zake za skrubu ni za kinyume, kinakazwa kuelekea kushoto, na silinda iwe na maganda matupu ndani ili nyota isipinde.

Hombolo2: LCR je, nayo nyuzi ni za kinyume?