Hamburg–Dar: fomu ya fidia imerudi, wanasema nimechelewa saa mbili tu

Zuhura: Assalaam alaykum, na habari za jioni wote. Mwezi wa nane nilikwenda Dar kwenye arubaini ya mama. Tiketi moja, kubadilisha ndege hapa hapa Ulaya. Ya pili ikaharibika, tukashushwa na mabegi yetu. Tulikuwa tufike saa saba kasoro dakika kumi usiku, tukafika saa tatu asubuhi. Nikajaza fomu ya EU261, ile kanuni ya Ulaya ya fidia ya ndege kuchelewa. Leo wamejibu: umechelewa saa mbili na dakika kumi, fidia inaanzia saa tatu. Kuangalia nakala yangu, kumbe nimeandika nilifika 3:00! Mkono umeandika saa ya nyumbani. Fomu iliyokwisha tumwa inarekebishika, au naanza upya?

Baraka: Pole dada. Dai euro 600, usikubali 250. Mimi walinihesabia kipande cha kwanza tu, kilomita 400, nikapokea kwa ujinga. Jumlisha vipande vyote.

Mzee Kombo: Baraka, usipotoshe watu. Vipande havijumlishwi. Mahakama ya Ulaya ilishaamua 2017, kesi ya Roma–Hamburg kupitia Brussels: unapimwa umbali wa moja kwa moja, ulikoanzia mpaka unakoishia. Hamburg–Dar ni zaidi ya kilomita 7,000.

Baraka: Sasa mzee wangu, ukijumlisha usijumlishe, si imeshavuka kilomita 3,500? 600 ni ile ile.

Mzee Kombo: Kanuni ni kanuni. Na wasimtishe kwamba kuharibika ndege ni dharura, hitilafu ya kawaida haiwaokoi. Saa ya kufika nayo ni mlango unapofunguliwa, si matairi yanapogusa chini.

Mwanaidi: Mimi kwa kupitia Ghuba niliwahi kutumia karibu siku nzima. Baba alifariki alfajiri, baada ya Adhuhuri wameshazika. Kwetu maiti haisubiri ndege. Nilipofika niliyakuta majamvi tu na sufuria za watu zinaoshwa. Hilo nalo lina fomu?

Zuhura: Allah amrehemu, dada.

Baraka: Pole sana. Halafu unafika pale dirishani na pasi ya Ujerumani, unatoa dola 50 za viza kuingia ulikozaliwa.

Mzee Kombo: Nani alikutuma ubadilishe uraia?

Baraka: Wajerumani wameruhusu uraia pacha tangu Juni 2024, mzee. Wanaokataa ni wa kwetu.

Mzee Kombo: Siasa sizijibu humu.

Zuhura: Nawashukuru nyote. Lakini ile 3:00 nafanyaje?

Mzee Kombo: Usiwe na haraka. Kwa sheria ya hapa Ujerumani una miaka mitatu ya kudai, na inahesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka uliosafiri.

Mwanaidi: Samahani kuingilia, kuna anayekwenda Dar Desemba? Nina mzigo mdogo, kilo tatu hazifiki.